Mgongo wa Mezani: Unauma Wapi, Unaanza Saa Ngapi?

Nina steshenari hapa Tabora mjini. Tunachapa, tunatoa fotokopi, tunawajazia watu maombi ya kazi na ya mikopo ya wanafunzi, na ukikaribia mwisho wa mwaka wa fedha tunakaa mpaka saa tatu usiku tukipanga ripoti za ofisi za watu. Kabla ya duka nilikuwa mhazili kwa miaka mingi. Maisha yangu yote ni ya kukaa kitako, na wateja wangu nao ni hivyo hivyo: makarani, wahasibu, walimu wenye rundo la madaftari, wanafunzi wa chuo. Wakisubiri printa iteme karatasi wanashika kiuno, wananyooka, wanasema neno lile lile: "Mama, huu mgongo utaniua."

Mimi si daktari. Ninayoyaandika nimeyapata kwa mgongo wangu mwenyewe, kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliyenihudumia wiki kadhaa, na kwa kuwasikiliza hao wanaosubiri printa. Malalamiko hayazidi sita au saba, yanazunguka tu. Nimeshazoea kuuliza maswali mawili, unauma wapi na unaanza saa ngapi, na mara nyingi majibu yake ndiyo yanayonionyesha pa kuanzia. Kwa hiyo nimepanga kwa dalili. Tafuta ya kwako, anza na sababu niliyoitaja kwanza kwa kuwa ndiyo ninayokutana nayo sana, wala usikimbilie ya mwisho kwa sababu tu inatisha.

Kwanza zile zisizosubiri

Kabla hujagusa kiti wala meza, soma hizi. Ukiwa na mojawapo, funga ukurasa huu uende hospitali.

Ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, yaani pale panapokalia tandiko la baiskeli. Mkojo kukataa kutoka, au mkojo na choo kutoka bila wewe kujua. Miguu yote miwili kuishiwa nguvu. Hapo mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo inaweza kuwa imebanwa, na kila saa inayopita ina gharama yake. Usisubiri kupambazuke.

Unyayo kulegea: ukitembea unaburuza, kandambili inavuka yenyewe.

Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, iwe ni bodaboda au mwembe.

Homa, jasho la usiku, kupungua uzito bila sababu, au maumivu yasiyotulia hata ukilala. Kifua kikuu hakiishii mapafuni, hushika na pingili za mgongo, na kwetu ugonjwa huu bado upo. Aliyewahi kuugua saratani, anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, na aliyevuka miaka 50 akapata maumivu makali ya mgongo kwa mara ya kwanza, nao waende wakapimwe kabla ya kujaribu chochote hapa chini.

Kwa Tabora mjini maana yake ni Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Aliyeko wilayani aanzie hospitali ya wilaya. Asianzie duka la dawa.

Kiuno kinaanza saa nne au saa tano asubuhi, ukiinuka kinapoa

Hii ndiyo mama lao. Wengi wanaonilalamikia wako hapa, na nilikuwa hapa mwenyewe.

Sababu ya kwanza ni kwamba hujainuka. Niacheni nizunguke kidogo. Mwaka 1991 nilikuwa Chuo cha Uhazili, hapa hapa Tabora, siku hizi ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Tulifundishwa kukaa kama askari wa gwaride: nyayo sakafuni, mgongo wima, viwiko karibu na mbavu. Miaka mingi niliamini mkao ule ndio uliotulinda. Sasa naona tulilindwa na taipureta yenyewe. Kila mwisho wa mstari mkono unapanda kurudisha roli. Kila ukurasa unachomoa, unapanga karatasi na kaboni, unaingiza upya. Ukikosea herufi unafuta nakala moja moja. Faili liko kabatini, lazima ulifuate. Kompyuta imeyafuta yote hayo. Faili, barua, bosi, hata umbea, vyote vimo ndani ya kioo kimoja, na mtu anaweza kukaa tangu saa mbili mpaka saa saba mchana kitako kisiachane na kiti.

Msuli ulioshikilia mkao mmoja huchoka hata kama haujabeba kitu. Jaribu kunyoosha mkono mtupu mbele yako dakika tano uone. Na zile diski, mito laini iliyo kati ya pingili na pingili, kwa mtu mzima karibu hazina mishipa ya damu. Hupata maji na lishe kwa kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, kama sponji. Asiyesogea anazibana tu.

Jipime hivi: kwa siku tatu inuka kila baada ya nusu saa, dakika moja au mbili, usibadilishe kingine chochote. Usinunue kiti kwanza. Kiuno kikipungua, umeshapata jibu na hujatoa hata shilingi. Ukiwa umesimama, weka viganja viwili kiunoni, jipinde nyuma taratibu, rudi. Mara tano mpaka kumi. Ikiwa kujipinda kunasukuma maumivu yashuke mguuni, acha, nenda kwenye dalili ya mguu huko chini.

Kukumbuka kuinuka ndiyo shida. Kengele ya simu watu wanaizima siku ya pili. Mimi nilihamisha printa nikaiweka ukuta wa pili, karibu na mlango, na msaidizi wangu alinuna wiki nzima. Kwa siku naiendea mara nyingi mno hata sihesabu. Njia nyingine ni kunywa maji kwa kikombe kidogo badala ya chupa kubwa mezani, ili uende kujaza. Simu ipokee ukiwa umesimama. Najua wapo dada zangu maofisini wanaojinyima maji joto la Oktoba likiwaka kwa sababu choo kiko mbali au si kisafi. Mgongo hapo unakosa vyote viwili, maji na safari ya chooni.

Sababu ya pili ni miguu kuning'inia, au kiti kuwa kifupi kwa meza. Mafundi wetu hupima kwa inchi, na meza ya mninga ya ofisini ukiipima utakuta inchi 30, kama sentimita 76. Ni nzuri kwa kuandika kwa kalamu. Kwa kuchapa ni ndefu kwa watu wengi, hasa ukiiweka pamoja na kiti cha plastiki kilicho chini.

Alikuja kijana mmoja, karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, msimu wa masoko ukiwa umepamba moto. Ameshika kiuno, anatembea kama aliyebeba yai. Nikamwambia kaa pale, chapa barua yako mwenyewe, nami nikamtazama. Kiti cha plastiki, meza ndefu. Mabega yamempanda karibu na masikio. Ili afikie kibodi ilibidi asogee ukingoni mwa kiti, na akishasogea hakuna egemeo, anabaki amejikunja kama kambare kwenye kikaango. Nikaleta kiti cha pili cha plastiki nikakipachika juu ya cha kwanza. Akapanda. Viwiko vikalingana na meza, lakini sasa visigino vikawa hewani. Nikamwekea rimu mbili za karatasi chini ya miguu. Akakaa kimya, akachapa mistari mitatu, akasema, "Kumbe ni hivi tu?" Si hivi tu, ila ndipo pa kuanzia.

Kanuni yenyewe: anza na viwiko, malizia na miguu. Kaa, acha mikono ilegee, kunja viwiko mpaka viwe kama pembe ya mraba. Meza iwe hapo au chini yake kidogo. Kama iko juu, pandisha kiti, kisha tafuta cha kukanyagia: rimu, tofali, boksi lililojaa. Kama meza ni yako mwenyewe, fundi akate miguu yake. Apunguze inchi moja, ukae, ujaribu, ndipo akate tena. Mbao iliyokatwa hairudi.

Sababu ya tatu ni kiuno kukosa egemeo. Kunja kanga au taulo iwe kama mkate wa mofa uliokunjwa, iweke pale mgongo unapoingia ndani juu ya mkanda, kisha rudi nyuma mpaka makalio yaguse egemeo la kiti. Ukiwa umerudi hivyo, kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti papite vidole viwili au vitatu. Visipopita, kikalio ni kirefu kwako kwenda mbele: weka mto nyuma usogee mbele, la sivyo utateleza mwenyewe na kukalia mfupa wa mkia.

Sababu ya nne ni kiti cha kuzunguka kinachoshuka polepole. Unakipandisha asubuhi, saa sita umezama, mwenyewe huna habari. Silinda ya gesi iliyo chini ya kiti imechoka. Dawa yake ya bei ndogo: kata kipande cha bomba la plastiki la maji kwa urefu unaoutaka, kipasue ubavuni, kivishe kwenye kile chuma chembamba kinachoingia ndani ya silinda, kiti kiwe juu. Kitakaa hapo hapo, hakipandi tena wala hakishuki. Silinda yenyewe usiitoboe, usiichome, wala usiruhusu fundi wa kuchomelea aiguse. Ndani mna gesi iliyobanwa kwa nguvu. Nimesikia watu wakishauri kuiwekea welding, wasikudanganye.

Shingo, mabega, na pale kati ya mabega, hasa mchana baada ya chakula

Mkosaji wa kwanza hapa ni laptopu. Kioo na kibodi vimeungana, kwa hiyo ukiweka sawa mikono, shingo inainama, na ukiweka sawa shingo, mikono inaning'inia. Hakuna mkao utakaokuokoa. Itenganishe: nunua kibodi na mausi vya pembeni, hata vya bei ya chini, kisha inua laptopu. Rimu moja ya karatasi 500 ina unene wa kama sentimita 5, na kwa laptopu nyingi tatu zinatosha. Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, na umbali uwe mkono mmoja ulionyooshwa. Kama kibodi ya pembeni bado haijapatikana, usifanye kazi ya saa nane kwenye laptopu, na hasa usifanye umeme ukikatika umeipakata kwenye kochi. Barua moja, sawa. Bajeti ya idara, hapana.

Mkosaji wa pili ni karatasi unayonakili ikiwa imelala mezani. Kichwa kinashuka na kupanda, kushuka na kupanda, siku nzima, na siku zote upande ule ule. Tulipokuwa tukisomea uhazili karatasi ilisimama, na huo ni ustaarabu uliopotea bila mtu kuuaga. Egemeza karatasi kwenye kitu, hata faili gumu lililobanwa kwa rimu, iwe karibu kabisa na kioo. Wanaoingiza alama za wanafunzi kutoka kwenye makaratasi, ninyi hasa.

Wa tatu ni mausi iliyo mbali. Ukikuta bega la kulia tu ndilo linalowaka, tazama mkono wako: umenyooka mpaka nje ya kibodi? Isogeze karibu mpaka kiwiko kirudi ubavuni.

Wa nne huwa hatumfikirii: miwani. Mwenye miwani ya kusomea iliyo na sehemu ya karibu kwa chini hunyanyua kidevu ili aone kioo kupitia ile sehemu, na shingo inavunjikia nyuma. Shusha kioo kidogo, au mweleze mpimaji wa macho kwamba unafanya kazi ya kompyuta akupimie umbali huo. Na kama huna miwani lakini unasogeza uso kila dakika, huenda shida si shingo. Nenda kapime macho.

Simama hapa usome vizuri. Maumivu ya bega la kushoto, taya au katikati ya kifua yanayokuja na jasho, pumzi kukata au kichefuchefu si ya mkao. Huo unaweza kuwa moyo. Nenda hospitali papo hapo, wala usijiendeshe mwenyewe. Na ganzi inayoshuka mkononi mpaka vidoleni, au mkono kuanza kudondosha vikombe, mwone daktari wiki hiyo hiyo.

Upande mmoja tu wa kiuno au wa kalio

Kwa wanaume naanza na swali moja: pochi iko wapi? Ipo mfuko wa nyuma, imenona kwa vitambulisho na risiti za tangu mwaka juzi. Unaikalia saa nane, nyonga moja juu, moja chini. Itoe uweke mezani.

Isipokuwa pochi, ni kujipinda. Kompyuta imewekwa pembeni ili mteja akae mbele, na wewe unageuza kiuno badala ya kugeuza kiti. Au ni mwanga. Dirisha la mashariki, jua la saa tatu linapiga kioo, unainamia kushoto kukwepa, na unabaki umeinama hata jua likishahama. Geuza meza ili dirisha liwe ubavuni mwako, lisiwe mbele wala mgongoni. Feni nayo ina hila hiyo hiyo. Watu husema "upepo wa feni umenipiga". Ninavyoona mimi, wengi walijipinda kuufuata upepo, au kuukimbia.

Kukunja nne hakuna ubaya kama unabadilisha miguu. Tatizo ni mguu ule ule kila siku. Na kagua kiti chenyewe: weka chupa ya maji ilale kwenye kikalio. Ikibingirika kwenda upande mmoja kila ukijaribu, kiti kimelala upande huo.

Maumivu yanashuka kalioni mpaka mguuni, au mguu unakufa ganzi

Tofautisha mambo mawili. Kama ganzi inakuja ukiwa umekaa tu, chini ya goti, na ukisimama inaondoka ndani ya dakika moja au mbili kwa kuchomachoma, mara nyingi ni ukingo wa kiti unaobana nyuma ya paja. Rudi kwenye miguu kuning'inia. Viti vya mbao vya kwetu vina ukingo mkali. Fundi anaweza kuupiga randa uwe mviringo kwa dakika chache.

La pili ni mshipa wa fahamu. Ule unaotoka kiunoni kupitia kalioni mpaka unyayoni ndio mnene kuliko yote mwilini, na ukiguswa kwenye shina lake, mara nyingi na diski iliyotokeza, unalipa njia nzima. Maumivu ni kama umeme au moto, mara nyingi mguu mmoja, na ukikohoa au kupiga chafya yanaruka.

Hili lilinipata mimi. Tulikuwa tunachapa kazi ya siku tatu, nikaifanya kwa siku mbili ili niwahi tarehe. Siku ya tatu nilipiga chafya nikiwa nafunga duka, nikashikilia kufuli nisianguke. Nililala chini siku nne nikidhani kulala ndiyo tiba. Nilipofika kwa mtaalamu, cha kwanza aliniambia niache kulala. Kupumzika siku moja au mbili pale maumivu yanapokuwa makali si kosa, lakini kitanda cha wiki nzima kinadhoofisha misuli na kuchelewesha kupona. Akanipa kutembea, dakika chache mara nyingi kwa siku, na mazoezi mawili ya kwangu. Siyaandiki hapa, kwa sababu zoezi linalomfaa mmoja kwa diski linaweza kumwasha mwingine.

Kipimo utakachokitumia nyumbani ni hiki: maumivu yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi kidogo, unaelekea pazuri. Yakishuka kwenda chini zaidi, acha unachofanya. Wengi hupata nafuu katika wiki chache bila kisu. Lakini ganzi isiyoondoka au nguvu kupungua ni za daktari, na zile za tandiko la baiskeli ni za leo leo.

Unaamka nao asubuhi, ukifika ofisini unalegea

Hapa kazi inasingiziwa. Mara nyingi ni godoro lililobonyea katikati, au chaga iliyovunjika mti mmoja na hakuna aliyefunua kuangalia. Funua uangalie. Godoro la sponji lililochoka ligeuze kichwa kwa miguu. Likiwa limekwisha, limekwisha. Anayelala chali aweke mto chini ya magoti, anayelala ubavu auweke kati ya magoti.

Ila yupo mtu mmoja nisiyetaka apotee kwenye mambo ya godoro: kijana chini ya miaka 45, kiuno kinakakamaa kila asubuhi zaidi ya nusu saa, miezi mitatu imepita, akipumzika anazidi na akitembea anapata nafuu, tena usiku wa manane anaamshwa na maumivu. Hiyo inaweza kuwa aina ya ugonjwa wa baridi yabisi unaoshika uti wa mgongo. Unatibika vizuri ukigunduliwa mapema. Mwambie daktari maneno hayo hayo kama nilivyoyapanga.

Hauchagui mkao: ukikaa unauma, ukilala unauma, ukisimama unauma

Watu wetu wakishaumwa mgongo neno la kwanza ni "figo". Mara nyingi si figo. Lakini mgongo wa misuli hubadilika ukigeuka. Usiobadilika unaomba utafutwe kwingine. Figo huuma zaidi ubavuni, chini ya mbavu, na mara nyingi huja na homa, mkojo wenye maumivu au damu. Wanawake, matatizo ya kizazi hurusha maumivu kiunoni. Angalia kama yanafuata mwezi. Na kama ni ngozi inayowaka kwa mstari upande mmoja, shati likigusa unaruka, na baada ya siku chache vikatokea vipele, huo huenda ni mkanda wa jeshi. Usingoje vipele ndipo uende kituo cha afya, dawa zake hufanya kazi vizuri zikianza mapema.

Hizi zote hazihusu kiti. Kapime.

Wiki nzima salama, Jumamosi umeinua ndoo ukabaki hapo hapo

Siku tano umekaa, ya sita unainua gunia kwa ghafla. Sogea karibu na mzigo, kunja magoti, usijipinde ukiwa umeubeba, na gunia la mahindi mwite mtu wa pili. Umeshabanwa? Siku mbili za kwenda polepole, maji ya moto kwenye taulo, kisha utembee.

Dawa, mikanda na kuchua

Diklofenaki inauzwa kama karanga. Inatuliza kweli, lakini ukiimeza wiki baada ya wiki inaweza kukuachia vidonda vya tumbo, inaumiza figo, na kwa mwenye shinikizo la damu inaongeza mzigo. Mtu anaanza kwa kuogopa figo zisizougua na anaishia kuziumiza kwa dawa ya kuzitibu. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, figo au ujauzito asiimeze bila kuandikiwa. Sindano ya mgongo ya "kutoa maumivu mara moja" kwa mtu asiye na leseni, kataa.

Mkanda wa kiunoni unasaidia siku chache za kuinua mizigo au za maumivu makali. Nimeona mhasibu aliyeuvaa miaka miwili akiwa amekaa tu.

Kuchua hakuna neno kama ni msuli uliokaza na mchuaji ana mkono wa pole. Asikanyage mgongo, asivunje shingo, na kama kuna ganzi au umeanguka, asiguse kabisa.

Shirika la Afya Duniani linataja watu milioni 619 wenye maumivu ya kiuno mwaka 2020, kwa hiyo anayekwambia umerogwa na mwenzako wa ofisini ana kazi kubwa ya kueleza hao wengine. Maumivu mengi ya kiuno hayana ugonjwa mkubwa nyuma yake na hupoa ndani ya wiki sita. Zikipita sita ukiwa umesharekebisha kiti, umeinuka, umetembea, na bado, nenda. Hospitali za rufaa za mikoa huwa na kitengo cha fiziotherapia, kiulizie kwa jina. Picha ya mionzi usiilazimishe. Mara nyingi daktari ataijua shida kwa kukushika na kukutembeza, na picha za watu wazima wasioumwa kabisa nazo huonyesha diski zilizochakaa.

Nenda na karatasi moja: unauma wapi, unaanza saa ngapi, nini kinaupunguza, na kila dawa uliyokunywa, pamoja na ile ya kuchua iliyoletwa na shangazi. Ukiichapa kwangu, inuka ukaichukue mwenyewe. Printa iko kule mlangoni.